Firenze kwa miguu, na swali la baba

Siku ya kwanza, Jumanne

Kutoka Bologna hadi Firenze, miji miwili ya Italia, treni ya kasi hupita chini ya milima karibu njia nzima. Giza linajaa dirishani, masikio yanaziba, mara mwanga unarudi na tayari umefika. Dakika 40 hazikutimia. Mdogo wangu, anayefanya kazi Bologna na ndiye aliyenialika, alikuwa hata hajamaliza kunipa habari za jirani zake.

Niseme mapema nilichokwenda kutafuta. Kazi yangu ni kuongoza wageni Mji wa Kale, Mombasa. Kila wiki nasimama mlangoni pa Fort Jesus na kueleza kwamba Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, na kwamba ramani yake ilichorwa na Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, mtu wa Milano. Naeleza pia kwamba ukiitazama ngome ile kutoka juu ina umbo la mtu: kichwa, mikono, miguu. Ndiyo fikra ya Italia ya zama zile, kwamba mwili wa binadamu ndio kipimo cha jengo zuri. Nimeyasema hayo miaka kumi na moja bila kuuona hata mji mmoja ambamo fikra hiyo ilikulia.

Sababu ya pili ni baba. Baba ni mwashi. Siku hizi magoti yamechoka na hapandi jukwaa tena, lakini nyumba nyingi za mtaa wetu zimepita mikononi mwake: mawe ya matumbawe, chokaa, boriti. Nilipokwenda kumuaga alinishika mkono. "Mwanangu, pale Firenze kuna kuba lilijengwa bila kalibu. Nilisikia redioni. Niangalizie lilisimamaje. Usiniletee picha ya kanisa, niletee jibu."

Kwa asiyejua ujenzi: kabla ya kuba kujengwa, hutangulia kalibu ya mbao yenye umbo la kuba lenyewe. Matofali hulazwa juu ya mbao, chokaa ikishika ndipo mbao huondolewa. Ukikosa kalibu, tofali linaloinamia ndani litateleza na kuanguka chokaa ikiwa bado mbichi. Kila mwashi anajua hivyo, na ndiyo maana swali la baba lilinikaa kichwani safari nzima.

Tulipanga chumba Oltrarno, jina ambalo maana yake ni ng'ambo ya mto Arno. Jioni tulikula ribollita: maharage, mboga ya majani meusi inayofanana sana na sukuma wiki, na mkate wa jana, vyote vimerudishwa motoni. Jina lenyewe ni "iliyochemshwa tena". Kwa hiyo ni kiporo, kiporo kinachoandaliwa kwa heshima na kulipiwa. Mkate wa Toscana hautiwi chumvi hata chembe. Ukiula peke yake unashangaa, ukiuchovya ndani ya mchuzi unaelewa.

Kabla ya kulala tulivuka daraja. Mwisho wa kichochoro kimoja, kati ya kuta mbili nyeusi, kuba likatokea. Nilikuwa nimeona picha zake. Picha hazisemi ukubwa wake.

Siku ya pili, Jumatano

Saa tatu asubuhi tulikutana na mwongozaji wetu kwenye uwanja wa San Giovanni. Tulikuwa watu tisa. Yeye ni mama wa makamo, mzaliwa wa hapo hapo, mwenye sauti ya chini hadi inabidi umsogelee. Nilimtazama kwa jicho la mtu wa kazi moja na mimi, na jambo lake la kwanza lilinifunza kitu: alitugeuza tulipe mgongo kanisa kuu, jengo ambalo kila mtu alikuja kuliona, akatusimamisha mbele ya mlango.

Mlango wenyewe ni wa Baptisteri, jengo la pembe nane walimobatiziwa watoto wa mji. Mwaka 1401 chama cha wafanyabiashara wa nguo kilitangaza shindano: nani atatengeneza milango yake mipya ya shaba nyeusi? Walioshindana walipewa kazi moja, kuchonga Ibrahim akiwa ameinua kisu juu ya mwanawe. Wawili ndio ambao kazi zao zimebaki mpaka leo, na ziko makumbusho ya Bargello: Lorenzo Ghiberti na Filippo Brunelleschi. Ghiberti, kijana wa miaka 23 hivi, akashinda. Mlango wake wa kwanza ulimchukua kuanzia 1403 hadi 1424. Akapewa wa pili, akaufanyia kazi kuanzia 1425 hadi 1452. Milango miwili, maisha yamekwisha. Huo wa pili, wenye vibao 10 vya dhahabu, ndio Michelangelo anayesemekana kuusifu kwamba ungefaa kuwa mlango wa peponi, na jina la Mlango wa Peponi likabaki. Tulioutazama ni nakala. Wenyewe umehifadhiwa makumbusho ya kanisa, hatua chache tu nyuma ya pale.

"Na aliyeshindwa?" akauliza mmoja wetu. Mama akageuka, akanyoosha kidole juu. Aliyeshindwa ndiye aliyejenga kuba.

Hapo ndipo alipoanza kulieleza kanisa, na nikaona alivyotupanga tangu mwanzo. Santa Maria del Fiore lilianza kujengwa 1296 chini ya Arnolfo di Cambio. Vizazi vikapita. Kufikia 1418 kuta zilikuwa zimesimama, lakini katikati palikuwa na tundu la pembe nane lenye upana wa mita zipatazo 45, zaidi ya mita 50 kutoka ardhini, na hakuna aliyejua kulifunika. Waliolichora walikuwa wamekwisha kufa. Waliacha umbo la kuba bila kuacha njia ya kulijenga. Mbao za kutosha kalibu ya ukubwa ule zingepatikana wapi, na jukwaa la kuibeba kalibu yenyewe lingesimamishwa juu ya nini? Fikiria watu wanaozaliwa, wanaoana na kuzikwa katika mji ambao kanisa lake kuu liko wazi kwa mvua.

Brunelleschi akasema atalijenga bila kalibu. Mwaka 1420 wakampa kazi, ila wakamwekea msimamizi mwenza, naye ni nani kama si Ghiberti yule yule. Wakaanza. Mwaka 1436 kuba likafungwa. Matofali yaliyomo yanapita milioni nne.

Nikauliza swali la baba. Mama alinitazama kidogo, akaniuliza kama nitapanda. Nikasema nina tiketi ya jioni ile. "Basi sikuambii," akasema. "Ukifika kati ya kuta mbili, tazama matofali yalivyolazwa. Utaona mwenyewe."

Kuingia kanisani ni bure, ila foleni ni ndefu. Ndani ni kweupe kuliko nilivyodhani, uwazi mtupu. Watu wote wanakwenda mbele kulitazama kuba. Mimi nakushauri ukishaingia ugeuke nyuma, utazame ukutani juu ya mlango. Pana saa kubwa iliyochorwa na Paolo Uccello mwaka 1443, na bado inatembea. Ina tarakimu 24, na mshale wake unazunguka kinyume na saa za leo. Kilichonisimamisha ni hesabu yake. Saa ile inahesabu kuanzia jua linapozama. Jua likizama, saa 24 zimetimia na siku mpya imeanza. Saa moja baadaye ni saa moja. Mwongozaji alikuwa akiwaeleza wenzangu polepole, kwa vidole, kama jambo gumu lililopotea duniani. Mimi na mdogo wangu tuliangaliana. Kwetu hiyo ndiyo saa moja ya usiku. Kwetu Alhamisi magharibi ikiingia tunasema ni usiku wa kuamkia Ijumaa. Hesabu ambayo Wataliano wenyewe sasa husimuliwa kanisani, bibi yangu aliishi nayo mpaka siku ya mwisho, nami nimefika Ulaya nayo mkononi.

Tukaendelea kusini. Orsanmichele, ghala la nafaka lililogeuzwa kanisa, lina vibweta ukutani, na kila chama cha mafundi kiliweka humo sanamu ya mtakatifu wake: wafua silaha, waashi na wachonga mawe, wafuma kitani. Chini ya watakatifu wanne wa waashi wamechongwa waashi wenyewe wakiwa kazini. Hapo nilikaa mpaka nikaachwa nyuma.

Uwanja wa Signoria una kelele na jua kali. Palazzo Vecchio, makao ya serikali ya mji tangu mwanzo wa karne ya 14, lina mnara wa mita 94. Chini kuna duara la jiwe kuonyesha mahali ambapo mtawa Savonarola alinyongwa na kuchomwa moto tarehe 23 Mei 1498. Mbele ya mlango anasimama Daudi wa nakala, sanamu ya Michelangelo. Wa kweli alihamishwa 1873. Kando yake ni Uffizi, jumba la picha linalojulikana dunia nzima. Jina lake maana yake ni ofisi tu. Mtawala Cosimo wa kwanza aliagiza lijengwe kuanzia 1560 ili makarani na mahakimu wake wakae pamoja, na neno lao na neno letu "ofisi" ni watoto wa Kilatini kimoja.

Matembezi yaliishia Ponte Vecchio. Daraja hili la mawe ni la 1345, na tangu zamani lina maduka pande zote mbili. Wakati mmoja maduka hayo yalikuwa ya wachinjaji nyama, wakitupa mabaki mtoni. Mtawala Ferdinando wa kwanza akachoshwa na harufu, akawaondoa, akaamuru wakae masonara peke yao. Masonara wapo mpaka leo. "Mwaka 1593," alisema mama yule.

Nikarudia kwa sauti: 1593. Mwaka ule ule ambao jiwe la kwanza la Fort Jesus liliwekwa. Nikamweleza habari za ngome, za Cairati, za umbo la mtu lililolala kwenye mwamba wa matumbawe ukingoni mwa bahari. Akatoa kijitabu chake mkobani, akaandika, akaniomba nimtamkie jina la Mombasa mara mbili ili aliweke sawa. Nimeongoza watu wengi. Najua nini maana ya mwongozaji kuandika kitu anachoambiwa na mgeni.

Alituonyesha pia kwamba nyumba za miisho yote miwili ya daraja ni mpya kuliko daraja lenyewe. Agosti 1944 Wajerumani wakirudi nyuma walilipua madaraja yote ya mji isipokuwa hili, na badala yake wakabomoa mitaa ya kuingilia na kutokea. Na sarafu: florini ya dhahabu, iliyoanza kupigwa hapa 1252 na kutumika Ulaya nzima, ilichukua jina lake kwenye ua la mji huu. Wasomaji wa Afrika Mashariki watakumbuka kwamba kati ya rupia na shilingi, karibu na 1920 na 1921, nasi tulikuwa na fedha iliyoitwa florini.

Jioni nilikwenda kupanda. Kijana wa mlangoni akapima tiketi yangu kwa mashine, akaniangalia kwa huruma. Ilikuwa ya siku iliyotangulia. Wakala niliyemlipa mtandaoni aliandika tarehe isiyo ile niliyoomba, na mimi sikuikagua tena. Nafasi za kesho zilikuwa zimejaa, na za kesho kutwa. Mdogo wangu alihangaika na simu yake hadi akapata moja: Jumamosi, saa mbili na robo asubuhi, siku yangu ya kuondoka. Usiku ule nililala na uchungu. Sikumwambia baba.

Siku ya tatu, Alhamisi

Leo hatukuwa na mwongozaji. Asubuhi tuliingia makumbusho ya Accademia kumwona Daudi wa kweli. Michelangelo alimchonga kati ya 1501 na 1504, katika bonge la marumaru ambalo wachongaji wengine walilianza na kuliacha. Ana mita 5.17. Anastahili kila neno lililosemwa juu yake, na limesemwa na wengi, kwa hiyo nitanyamaza. Mimi nilikaa zaidi kwenye ukumbi unaoelekea kwake, wamesimama Wafungwa wanne wa Michelangelo huyo huyo, kazi alizoziacha bila kumaliza. Mtu anatoka ndani ya jiwe kwa bega na goti tu, kichwa bado kimo. Karibu na ngozi iliyolainishwa unaona mistari ya patasi, mistari sambamba, midogo, mamia kwa mamia. Mkono wa fundi uko pale pale kana kwamba ameenda kunywa maji.

Kisha tukatembea dakika tano mpaka Ospedale degli Innocenti, na hapo ndipo mahali ambapo, katika mji mzima, moyo wangu umebaki.

Ni nyumba ya kulelea watoto waliotupwa. Chama cha wafanyabiashara wa hariri ndicho kilichoigharimia, na Brunelleschi ndiye aliyeichora, 1419, mwaka mmoja kabla ya kuanza kuba. Mbele kuna baraza ndefu ya matao tisa juu ya nguzo nyembamba za jiwe la kijivu. Ukiizoea baraza ya pwani utaielewa mara moja: ni mahali pa kivuli, si ndani wala si nje. Juu ya nguzo kuna miduara ya udongo wa kuchoma, buluu na nyeupe, kazi ya Andrea della Robbia ya 1487. Katika kila duara yumo mtoto mchanga aliyevingirishwa vitambaa, mikono kaifungua. Wala hawafanani. Mmoja vitambaa vyake vimelegea vinaanguka.

Mtoto wa kwanza alipokelewa tarehe 5 Februari 1445, msichana, wakamwita Agata Smeralda. Baadaye pakawekwa dirisha dogo lenye vyuma: mzazi anamwingiza mtoto, anaondoka bila kuonekana. Dirisha lile lilitumika mpaka 1875.

Ndani ya makumbusho kuna ukuta wa droo ndogo, kila moja ina jina la mtoto. Unavuta taratibu. Ya kwanza niliyoivuta ilikuwa na nusu ya medali. Imekatwa, haikuvunjika, ukingo wake umenyooka kwa msumeno. Nyingine ina nusu ya sarafu, nyingine shanga mbili za kioo kwenye uzi, nyingine kifungo. Mama alikuwa akimwacha mtoto na nusu, nusu ya pili anakaa nayo yeye. Siku mambo yakiwa mazuri angerudi, nusu zikutanishwe, ajulikane kuwa ndiye. Zilizo ndani ya droo ni zile ambazo wenzake hazikurudi.

Mdogo wangu alivuta moja yenye kipande cha utepe, akaitazama, akaisukuma ndani polepole kwa kidole kimoja. "Dada, twende nje," akasema. Tukakaa kwenye ngazi za baraza mpaka akawa tayari. Nyumba ile haijaacha kazi yake. Bado inashughulika na watoto, na ofisi ya utafiti ya UNICEF imechukua jina lake.

Alasiri tulikwenda kanisa la Santa Maria Novella kumtafuta twiga. Mwaka 1487 Sultani Qaitbay wa Misri alimpelekea Lorenzo de' Medici, kiongozi wa Firenze, twiga, na mji mzima ulimiminika barabarani kumtazama. Domenico Ghirlandaio alikuwa wakati huo akipaka ukuta wa nyuma ya madhabahu, na katika picha ya mamajusi twiga huyo yumo, mbali, shingo juu. Rangi imeharibika, inabidi utafute. Nilimpata. Mwambao wetu una hadithi kama hiyo: Malindi walimpeleka twiga wao kwa mfalme wa China, akafika 1415, miaka 72 kabla ya huyu. Wa Firenze hakuishi sana. Husemwa aligonga kichwa kwenye boriti za banda alilojengewa.

Siku ya nne, Ijumaa

Mvua tangu alfajiri, na mto umegeuka rangi ya chai ya maziwa. Mama mwenye chumba alitutazama tukifunga viatu, akasema kwamba watu wa mji huu mvua ya vuli hawaipendi. Tulipofika kanisa la Santa Croce tukaelewa. Ukutani, juu kabisa ya kichwa changu, juu hata ya mkono nilioinua, pana kibao cha marumaru chenye mstari: maji yalifika hapa tarehe 4 Novemba 1966. Usiku mmoja Arno ulipanda, ukabeba mafuta ya kupashia nyumba joto kutoka matangi ya chini, na tope jeusi likaingia makanisani, maktaba na majumbani. Maktaba ya Taifa iko jirani hapo. Vitabu na karatasi zaidi ya milioni moja vililowa. Milango ile ya Ghiberti ilibanduka vibao vitano. Vijana walikuja kutoka nchi nyingi, wakapanga mstari na kupokezana vitabu mkono kwa mkono kutoka ghalani. Watu wa Firenze wanawaita malaika wa tope.

Ndani ya Santa Croce amelala Michelangelo, amelala Machiavelli, amelala Galileo, ambaye alifariki 1642 na hakupewa kaburi la heshima mpaka 1737. Mshairi Dante ana kaburi tupu; mwili uko Ravenna, mji uliomhifadhi baada ya huu kumfukuza. Lakini kitu cha kutazama ni msalaba uliopakwa na mchoraji Cimabue. Maji yalibandua sehemu kubwa ya rangi yake. Hawakuipaka upya kudanganya jicho. Palipopotea pameachwa panaonekana pamepotea, na sasa msalaba umetundikwa juu, mahali ambapo mto hauwezi kuufikia.

Mvua ilituingiza pia kwenye karakana moja huko Oltrarno. Mlango ulikuwa wazi, ndani fundi mzee akipaka dhahabu fremu ya kioo. Akatuashiria tuingie, mradi tusitikise hewa. Jani la dhahabu ni jembamba kiasi kwamba pumzi inaliharibu. Kwanza fremu ilikuwa imepakwa udongo mwekundu laini kama samli. Akaulowesha kwa brashi ya maji. Kisha akachukua brashi pana ya manyoya, akaipitisha shavuni mwake, mara moja, kama anayejifuta. Yale mafuta kidogo ya ngozi ndiyo yanayoshika jani. Brashi ikaligusa, jani likaruka likakaa pale kwenye udongo mbichi, likanyooka lenyewe. Likikauka anali­sugua kwa jiwe la akiki mpaka ling'ae. Mdogo wangu akamuuliza alijifunza kwa nani. Kwa baba yake, na babake kwa mtu mwingine wa mtaa huo huo. Nikafikiria mafundi wetu wa milango ya nakshi, Lamu na Mombasa, na wangapi kati yao wana kijana anayesimama pembeni kutazama.

Siku ya tano, Jumamosi

Anga imefunguka. Saa mbili kamili niko mlangoni, tiketi nimeikagua mara tatu.

Ngazi ni 463 na hakuna lifti. Za mwanzo zinazunguka ndani ya ukuta, nyembamba, mawe yamelika katikati kwa nyayo. Unatokea kwenye kibaraza chini ya picha ya Siku ya Hukumu, iliyopakwa na Giorgio Vasari na Federico Zuccari kuanzia 1572 hadi 1579. Watu walisimama kupiga picha. Mimi nikapita, maana mlango mdogo uliofuata ndio uliokuwa wangu.

Kuba ni mawili. Moja la ndani, nene. Moja la nje, linalozuia mvua na kuonekana na mji. Ngazi zinapita katikati yake, na ukuta unakuinamia kadiri unavyopanda, mpaka bega moja linaegemea. Hapo matofali yako wazi, bila plasta. Nikamkumbuka mama wa Jumatano, nikatazama yalivyolazwa.

Mengi yamelala, kama ukuta wowote. Lakini kila baada ya matofali kadhaa moja limesimama wima. Safu ya juu yake tena moja limesimama, limesogea pembeni kidogo, na ya juu yake vivyo hivyo, hata ukifuata kwa jicho unaona mstari wa matofali ya wima unaopanda kwa mzunguko, kama msuko wa ukili. Wenyewe wanauita mfupa wa samaki. Niliweka kiganja ukutani. Jiwe lilikuwa baridi na chokaa ngumu kama chuma. Nikapiga picha mkono wangu ukiwa pembeni, kwa sababu baba alinifundisha tangu utotoni kwamba picha ya ukuta isiyo na kipimo haimwambii fundi kitu. Mlinzi akatuhimiza tusonge.

Ngazi za mwisho zinapanda juu ya mgongo wa kuba la ndani, wima karibu kama ngazi ya mnazi. Kisha upepo. Mji wote wa vigae vyekundu, mnara wa Palazzo Vecchio, mto uliotulia, baraza ya Innocenti, na vilima pande zote. Mtandao ukashika, nikaituma ile picha ya matofali na mkono, bila maelezo. Nilitaka kuona yeye ataona nini.

Nilikuwa nimeshashuka na kuketi karibu na sanamu ya Brunelleschi, ambaye wamemweka ameshika ramani na macho yakitazama juu, sauti ya baba ilipoingia simuni. Nyuma yake nilisikia muadhini wa adhuhuri wa msikiti wetu.

"Nimeona. Hilo lililosimama ndilo linalofunga. Hayo yaliyolala yamebanwa kati ya mawili yaliyosimama, hayana pa kutelezea hata chokaa ikiwa mbichi. Wakimaliza duara moja, duara lile linajishika lenyewe, wanapanda jingine. Kwa hiyo kalibu ilikuwepo, mwanangu. Matofali yenyewe ndiyo kalibu." Akanyamaza kidogo, nikadhani amemaliza. "Sasa niulizie mchanga wa ile chokaa waliutoa wapi. Mtoni?"